Moto, Mvuke na Hukumu ya Kinachotona

Kukeneka ni kupandisha kwa moto na kuteremsha kwa maji baridi. Kinywaji, majani au maua huchemshwa katika chombo kilichofunikwa, mvuke hupita kwenye mrija, mrija hupozwa, na mvuke hurudi kuwa maji na kutona upande wa pili. Kinachotona si sawa na kilichobaki chunguni: chepesi kuruka hutangulia, kizito hubaki nyuma. Ndivyo yanavyopatikana maji ya waridi, mafuta ya karafuu, maji ya betri, na gongo pia. Chombo ni kile kile na moto ni ule ule. Kwa sababu hiyo mafakihi wameulizana kwa karne nyingi: kitu kikipita motoni, hukumu yake hubadilika, au moto hukibeba kitu pamoja na hukumu yake kutoka chunguni hadi chupani?

Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Hapo lipo gofu la kasri kongwe kuliko makasri yote ya Unguja, lililojengwa kwa ajili ya Seyyid Said bin Sultan kando ya kijito kinachoingia baharini. Binti yake, Seyyida Salme, alizaliwa humo mwaka 1844, na mwaka 1914 kasri liliungua. Nyumba hiyo ya kifalme ilikuwa ya madhehebu ya Ibadhi, na raia walio wengi walikuwa, na bado ni, Mashafi. Hapo hapo Mtoni ndipo unapopokewa umeme wa kisiwa kizima. Kwa hiyo mtu akizungumzia kudhibiti moto Mtoni, anazungumzia fiqhi na waya kwa pamoja.

Ni vyema kuanza na kazi yenyewe, kwa kuwa hukumu ya jambo lisilofahamika huwa ya kubahatisha. Wengi hudhani kwamba kuongeza moto kunaongeza joto la kinachochemka. Si hivyo. Maji yakishafika nyuzi 100 hubaki hapo hata yakichochewa kuni maradufu. Kinachozidi ni wingi wa mvuke unaotoka kwa dakika. Ethanoli tupu, yaani ile sehemu ya pombe inayolewesha, huchemka kwenye nyuzi 78.4. Mchanganyiko wa maji na ethanoli huchemka baina ya hapo, na mahali penyewe huamuliwa na kiasi cha ethanoli kilichomo, wala si ukubwa wa moto. Pombe iliyochachuka yenye ethanoli asilimia 10 kwa ujazo huanza kuchemka karibu na nyuzi 93, na mvuke wake wa mwanzo huwa takriban nusu ethanoli. Kadiri ethanoli inavyopungua chunguni, joto hupanda lenyewe kuelekea 100. Anayejaribu kuushikilia mchemko kwenye nyuzi 78 kwa kupunguza moto anajisumbua: akipunguza mno, mchemko unakoma tu.

Basi moto unatawala nini? Unatawala mwendo. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke kunataka kilojuli 2,260 hivi, na kilo 1 ya ethanoli inataka takriban 850. Koili ya wati 1,000, kama joto lake lote lingeingia kwenye maji yanayochemka, ingeyamaliza maji ya kilo 1 kwa dakika 38. Mwendo ukiwa wa polepole, sehemu ya mvuke hugusa kuta za chombo, hupoa na kurudi chini, na katika kupanda na kurudi huko maji hutengana na ethanoli vizuri zaidi. Mwendo ukiwa wa kasi, povu hupanda mrijani, matone ya kinachochemka husombwa na mvuke, na maji ya kupozea huelemewa hata mvuke ukatoka bila kugeuka. Hata hivyo ustadi wa moto nao una mpaka wake. Kukeneka kwa kawaida hakuwezi kupita ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito, kwani hapo maji na ethanoli huruka pamoja kwa uwiano ule ule, na hakuna mkono mwepesi wa kuvitenga.

Kila aina ya moto ina tabia yake. Kuni huwaka kwa vipindi, na mchochezi hudhibiti kwa kuvuta kijinga nje ya mafiga. Mkaa kwenye seredani hutulia, lakini hauitiki upesi: ukishakolea, kuupunguza ni kuutoa kwa koleo au kuufunika jivu. Gesi huitika papo hapo. Umeme ndio unaoonekana kuwa mtiifu kuliko yote, ila utiifu huo hutegemea waya. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, hivyo volti zikishuka kwa asilimia 10 kutoka 230, nguvu hushuka kwa asilimia 19 bila mtu kugusa swichi. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kisha hupokewa kwenye kituo cha Mtoni. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, na wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Kati ya miaka hiyo kisiwa kilionja giza mara mbili: karibu mwezi mzima Mei na Juni 2008, kisha takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Waliokuwa na seredani walipika. Waliokuwa na koili walikaa.

Mitambo ya halali ni mingi kuliko watu wanavyokumbuka neno kukeneka linapotajwa. Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Chake Chake, Pemba, ni cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na hukeneka makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kiini cha mafuta yanayotoka humo ni eujenoli, ambayo ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254. Lakini ikichanganyika na mvuke wa maji, huruka chini kidogo ya nyuzi 100, kwa kuwa vitu viwili visivyoyeyukiana husaidiana kuusukuma uzito wa hewa. Komoro, ambako langilangi hukenekwa kwa wingi kuliko mahali pengine duniani, mafundi hukaa na moto kwa saa nyingi na kuyagawa mafuta kwa madaraja kufuata muda yalipotoka: ya mwanzo ndiyo ghali, ya mwisho huenda kwenye sabuni. Na huko Jabal al-Akhdhar, Oman, waridi huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei na kupikwa katika majiko ya udongo yaliyojengwa ukutani. Maua hutiwa katika chungu, bakuli huwekwa juu yake ndani, na juu kabisa hukaa chombo cha shaba chenye maji baridi. Mvuke hupanda, hugusa shaba, hutona bakulini. Maji hayo hutoka na rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi, na wanaoyajua huyapendea moshi huo. Ndiyo aina ya maji yanayotiwa kwenye mrashi na kunyunyiziwa watu katika maulidi na harusi za Unguja, na halua bila ya maji ya waridi hainogi.

Mtambo wa gongo haupishani na huo kwa umbo. Pipa hutiwa pombe iliyochachuka, ya sukari, mabibo, nafaka au matunda. Mdomo wake huzibwa, na mrija wa shaba hupitishwa katika karai au hori la maji. Pembeni mwa kifuniko hukandikwa udongo au unga wa ngano uliolowekwa. Unga huo una faida asiyoidhania mtazamaji: mrija ukiziba kwa machicha, unga ndio unaopasuka kwanza, badala ya pipa. Tone la kwanza likianguka chupani, mpishi hulijaribu kwa kiberiti; likishika mwali wa buluu, limekubali. Sehemu kubwa ya wapishi wa gongo Afrika Mashariki ni wanawake wanaosomeshea watoto, jambo ambalo vitabu vya fiqhi havikulijua na taarifa za polisi hulitaja kwa nadra.

Hapa pana dhana ya kurekebishwa. Huaminiwa sana kwamba gongo huua kwa sababu mpishi hakujua kuutuliza moto, akaacha methanoli ya mwanzo, iliyo sumu, ichanganyike na inayofuata. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7, kweli, lakini pombe ya sukari au nafaka hutoa methanoli kidogo sana tangu inapochacha, na hiyo kidogo haitoki yote mwanzoni. Hushikana na maji na kuendelea kutoka mpaka mwisho. Vifo vya makundi, kama vile vya Nairobi mwezi Novemba 2000, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa, na vya Kabale, Uganda, mwaka 2010, vilitokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa katika kinywaji. Hilo ni kosa la mkono uliotia, na moto hausingiziwi. Tofauti hiyo ina uzito mbele ya hukumu: mpishi mzembe na muuzaji anayetia sumu hawasimami kizimba kimoja.

Sasa swali lenyewe. Fiqhi ya moto na vinywaji ni kongwe kuliko mitambo ya gongo, na kisa chake mashuhuri kimo katika Muwatta wa Imamu Malik. Khalifa Umar bin Khattab alipofika Sham, watu wa huko walimlalamikia kwamba nchi yao ni nzito na ina maradhi, na kwamba hakiwafai ila kinywaji chao. Aliwaambia wanywe asali, wakasema haiwafai. Mmoja wao akamwomba ruhusa ya kumtengenezea, kutoka kinywaji hicho hicho, kitu kisicholewesha. Wakakipika mpaka theluthi mbili zikaondoka na theluthi moja ikabaki, wakamletea. Umar akatia kidole, akakiinua, kitu kikamfuata kikinyumbuka. Akakifananisha na lami inayopakwa ngamia, akawaruhusu. Sahaba Ubada bin Samit akamkabili papo hapo kwamba amehalalisha, naye Umar akakana, akamshuhudisha Mungu kwamba hahalalishi alichokiharamisha Yeye wala haharamishi alichokihalalisha.

Kisa hiki kina thamani kwa kuwa moto umepimwa. Theluthi mbili si namba ya kubahatisha. Maji ya zabibu yana sukari karibu asilimia 20. Yakipungua hadi theluthi, sukari hukaribia asilimia 60, na hapo hamira haina pa kuishi. Kidole cha Umar kilipima kile ambacho leo hupimwa kwa chombo. Lakini walioupokea mfano huo walitofautiana. Abu Hanifa na mwanafunzi wake Abu Yusuf waliruhusu kilichopikwa hadi theluthi hata kama baadaye kilipata ukali, mradi kinywewe kwa kutafuta nguvu na si kwa mchezo. Muhammad bin Hasan, mwanafunzi mwingine wa imamu huyo huyo, alikataa, na fatwa ya Mahanafi wa baadaye ikamfuata yeye. Ilivyo, wawili wa mwanzo walikishika kipimo wakaisahau sababu yake. Theluthi ilikuwa dalili kwamba kitu hakitalevya. Kikilevya, dalili imekwisha kazi.

Tofauti kati ya kisa hicho na mtambo wa gongo haisemwi mara nyingi, nayo ndiyo kiini cha jambo. Wapishi wa Sham waliuacha mvuke uende zake wakabaki na kilichomo chunguni. Mpishi wa gongo humwaga kilichomo chunguni akabaki na mvuke. Moto mmoja, kazi mbili zinazokwenda kinyume: wa kwanza huondoa kinacholevya na kuziba mlango kisirudi, wa pili hukikusanya. Anayetoa hoja kwamba gongo limetakaswa kwa kupikwa, kwa kukitegemea kisa cha Umar, ameshika chungu kisicho chake.

Mashafi, ambao darsa za Unguja kutoka Safinat al-Naja hadi Minhaj ya Imamu Nawawi zimewafuata, walilitazama suala kwa jicho la twahara kabla ya jicho la kinywaji. Kwao kila kimiminika kinacholevya ni najisi. Wanazuoni wao wa baadaye wakauliza: mvuke unaopanda kutoka kwenye najisi una hukumu gani? Jibu lao linagawanya jambo kwa moto. Mvuke uliopanda wenyewe, bila moto, ni twahara. Uliopandishwa kwa moto ni najisi, ila uchache wake husamehewa. Mtu wa leo anaweza kushangaa kwa nini moto uwe ndio mpaka, ilhali kimaumbile mvuke wa jua na mvuke wa jiko havitofautiani. Maelezo yaliyo karibu ni kwamba moto ni kazi ya mtu. Kinachopaa chenyewe kutoka kwenye dimbwi hakina mwenyewe; kinachopandishwa kwa jiko kina aliyewasha, na vipande vya najisi vilivyopanda vimepanda kwa kutakwa. Ukichukua kanuni hiyo hadi kwenye mtambo, tone la gongo ni najisi kwa njia mbili: kwa asili yake na kwa kulevya kwake.

Mahanafi, kwa upande wao, hawana ugumu huo kuhusu mvuke, kwani wengi wao hukubali kwamba kitu kikigeuka dhati hupata hukumu mpya. Hata hivyo Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alipokifikia kinywaji kinachokenekwa kutoka kwenye machicha ya mvinyo, kilichojulikana kwa jina la araki katika nchi za Rumi, alikihukumu kuwa najisi na haramu kama aina nyingine za khamri. Mtu wa madhehebu yenye mlango mpana wa mageuzi aliukuta mlango umefungwa, kwa kuwa araki haikugeuka kuwa kitu kingine. Ilizidi kuwa kile kile.

Mageuzi ya kweli yapo, na mfano wake uko karibu na kila mnazi. Tembo likiachwa wazi huchacha, na likizidi kuachwa huwa siki, kwani vijidudu huila ethanoli na kuifanya asidi. Khamri iliyogeuka siki yenyewe ni twahara kwa Mashafi. Ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, kama chumvi au mkate, haitwahiriki kwao, kwani kile kilichotiwa kimenajisika na kubaki humo, ilhali Mahanafi wanaikubali. Ikihamishwa tu kutoka juani kwenda kivulini, au kivulini kwenda juani, kauli iliyo sahihi zaidi ya Mashafi ni kwamba imetwahirika. Kwa hiyo joto lenyewe halikukataliwa kuwa sababu ya kutwahirisha. Kinachotazamwa ni mwisho wake: ulevi umekwisha, au umekolea?

Hapo ndipo hoja ya sababu, illa kwa lugha ya mafakihi, inaposimama imara kuliko hoja za twahara. Hadithi sahihi inafanya kila kilevi kuwa khamri na kila khamri kuwa haramu, na nyingine inaharamisha kichache cha kile ambacho kingi chake hulevya. Kwa kanuni hizo mbili mtu hahitaji kujua kama ethanoli ilitoka kwenye zabibu au muhogo, kama moto ulikuwa wa kuni au koili, wala kama kinachotona ni cha kwanza au cha tatu. Ibadhi na Shafi wanakutana hapo. Anayetegemea twahara peke yake hukwama kwenye vitu kama marashi ya kisasa yenye spiriti, na kwa kweli wanazuoni wametofautiana: wapo wanaoyakataa, na wapo, kama alivyoandika al-Jaziri katika kitabu chake cha madhehebu manne, wanaosamehe vimiminika vyenye najisi vinavyotiwa katika dawa na manukato kwa kiasi cha kuyatengeneza. Chupa ya marashi haijamlevya mtu. Suala lake ni la nguo ya kusalia, na msamaha una nafasi humo.

Falsafa inaingia kwa mlango mwingine. Abu Hamid al-Ghazali, Mshafi aliyefariki mwaka 1111, aliuchukua moto na pamba kuwa mfano wake mkuu katika kitabu cha kuwajibu wanafalsafa. Alisema kinachoonekana ni pamba kuungua moto unapoigusa, si kwamba moto ndio unaounguza. Muumba wa kuungua ni Mungu, na kukutana kwa viwili hivyo ni desturi aliyoiweka, awezayo kuiondoa, kama alivyoufanya moto kuwa baridi na salama kwa Nabii Ibrahim. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekana sababu amekana akili, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake. Ugomvi huo unaonekana wa mbali na pipa la gongo, lakini una matokeo. Kama moto haufanyi kitu kwa nafsi yake, mpishi anaweza kudai kwamba naye hafanyi kitu. Madhehebu ya Ash'ari, aliyoyafuata Ghazali, yalikuwa yamekwisha kuuziba upenyo huo kwa nadharia ya kasbu: Mungu huumba tendo, mja hulichuma kwa kulikusudia, na hesabu hufuata chumo. Ibadhi wanasema karibu hivyo hivyo. Anayezungusha swichi hadi nusu, akangoja, akasikiliza mlio wa chungu, akaizungusha tena, amechuma kila hatua. Udhibiti wa moto, badala ya kumpunguzia dhima, ndio ushahidi kwamba alikusudia. Aliyeacha tembo likalewesha kwa kusahau ana udhuru. Hakuna anayekeneka kwa kusahau.

Hadithi iliyowataja watu kumi wanaolaaniwa katika khamri inamtaja mkamuaji, mchukuzi, muuzaji, mla thamani na wengineo. Mchochea moto hayumo, kwa kuwa kukeneka vileo hakukuwa kazi ya Madina. Mafakihi humwingiza kwa kiyasi, yaani kwa kulinganisha, pasipo taabu: ikiwa mkamuaji yumo, anayekamua kwa moto hana pa kutokea.

Ipo dhima nyingine isiyohusu kunywa kabisa. Fiqhi ya Mashafi inasema mtu akiwasha moto kwake kwa kiasi cha kawaida, ukaruka kwa bahati mbaya, hana dhamana. Akiwasha kupita desturi, au akiwasha wakati wa upepo mkali, halafu ukamuunguzia jirani, analipa. Mvuke wa ethanoli hushika moto ukiwa kati ya asilimia 3.3 na 19 ya hewa. Kinywaji chenye ethanoli asilimia 40 hutoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi 26 hivi, joto ambalo mchana wa Unguja hulipita sehemu kubwa ya mwaka. Maana yake, chupa iliyo wazi karibu na seredani iko tayari kuwaka bila kupashwa. Katika mitaa iliyobanana, kuta zikigusana, kukeneka kileo ndani ya nyumba ni kuwasha katika upepo mkali hata siku ambayo jani halitikisiki. Jirani asiyekunywa tone ana haki ya kudai, na hoja yake haina haja ya aya wala hadithi ya khamri.

Serikali nazo zimekuwa na sababu zao, na si zote zilikuwa za kuheshimika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwawekea Waafrika wa ukanda mpana, Zanzibar ikiwa ndani yake, vizuizi vya vileo vilivyokenekwa, na Wazungu wakabaki na ruhusa zao. Katazo lililofuata ngozi lilifundisha watu kuiona sheria ya pombe kuwa sheria ya mtawala tu. Tanganyika huru ilipokwisha kuungana na Zanzibar, Bara lilitunga mwaka 1966 sheria ya leseni za kutengeneza na kukeneka pombe ya moshi. Kenya iliipiga marufuku chang'aa, ambayo ni gongo la huko, mwaka 1980 na kuihalalisha kwa masharti mwaka 2010. Kanuni za namna hii hupanda na kushuka na siasa. Hukumu ya illa haikungoja bunge.

Linabaki suala la elimu na vyombo. Je, kufundisha namna ya kuutuliza moto wa kukeneka ni kufundisha haramu? Al-Kindi aliandika katika karne ya 9 kitabu kizima cha kemia ya manukato na kukeneka, na hakuna aliyemhesabu kuwa mpishi wa araki. Elimu ya mwendo wa mvuke inamfaa fundi wa Wawi sawasawa na inavyomfaa mpishi wa pipa. Dini ilikwisha kulipitia jambo hili kwa mfano wa vyombo. Mtume aliwakataza watu kwanza kuloweka tende na zabibu katika vibuyu, mitungi ya kung'arishwa, vyombo vilivyopakwa lami na magogo ya mtende yaliyochongwa, kwa kuwa humo kinywaji huchacha upesi bila mtu kutambua. Baadaye aliviruhusu, akaeleza kwamba chombo hakihalalishi kitu wala hakikiharamishi, na akalibakiza katazo la kila kilevi. Kwa hukumu hiyo, mtungi wa shaba uliopika gongo ukisuguliwa na kuoshwa mpaka dhati yake ikatoka ni twahara, na harufu ikigoma kuondoka baada ya juhudi husamehewa. Unaweza kutiwa waridi siku hiyo hiyo.